Gia ya Pili Haitaki Baridi

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Asubuhi mbaya. Baridi ya kukata masikio. Nimewasha gari saa kumi na mbili kamili. Gia ya kwanza imeingia kwa kununa, ya pili ikakataa katakata. Nikasukuma. Ikarudi. Nikasukuma kwa mikono miwili. Krrrr! Jirani kafungua dirisha kuangalia nani anasaga kokoto.

Cha ajabu: baada ya nusu saa barabarani gia zote zina adabu. Jioni nikirudi, ungedhani nimeazimwa gari jingine. Kwa nini? Baridi inaifanya nini gia? Nimewaza kutwa nzima ghalani. Kazi yangu ni kupima magunia. Mtu wa mizani hapendi kitu kisicho na sababu. Nimewaza hadi gunia moja nikalipima mara tatu, na kila mara likaja na uzito wake.

Sasa balaa lenyewe. Mama mkwe yuko kwetu tangu mwezi uliopita. Ana mtoto wa jicho. Jumamosi saa moja asubuhi anatakiwa hospitali ya macho kufanyiwa upasuaji. Akichelewa, jina linarudi mwisho wa foleni, na foleni ni miezi mitatu. Ni fundi cherehani, mama huyu. Miaka thelathini kavisha watu, leo hawezi kutia uzi sindanoni. Ananiita mimi nimtilie. Namtilia. Halafu anashona kwa vidole, macho kayafumba, na mshono unanyooka kuliko maisha yangu.

Leo mezani katangaza kwamba Jumamosi atakwenda na mwanawe, yaani shemeji yangu, kwa sababu gari langu linasaga meno. Mbele ya watoto! Na shemeji mwenyewe kakaa hapo. Kwa ule upole wake unaoniudhi, kasema gari lake ni otomatiki, gia zinajibadilisha zenyewe, yeye kazi yake ni kukaa tu. Nikamjibu mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hakuna aliyecheka.

Nimeapa. Jumamosi mama mkwe atapanda langu.


Jumanne, tarehe 8 Julai

Mbinu ya kwanza: blanketi. Kama tatizo ni baridi, dawa ni kufunika. Jana kabla ya kulala nimelivika gari blanketi letu zito, likafunika boneti yote. Mke wangu kaamka anatetemeka, kauliza blanketi liko wapi. Nikamwambia liko kazini. Alichosema siandiki hapa.

Gia ya pili: krrrr. Kama kawaida.

Mchana nimepita gereji kwa fundi. Sikutaka. Fundi huyu ana jicho la kucheka hata mdomo ukinyamaza. Nikamwambia nina rafiki, gari lake gia ngumu asubuhi, likipata moto zinalainika. Fundi kafuta mikono polepole. Kauliza rafiki yangu huyo, mwaka jana hakuleta dumu la oili aliyopewa na dereva wa lori, akalazimisha imwagwe kwenye giaboksi kwa kuwa ni ya bure na oili nene hulinda chuma?

Nikasema nitamuuliza.

Lakini maelezo yake yamenikaa kichwani. Oili nene ikipigwa na baridi inakuwa kama uji uliolala. Ndani ya giaboksi kuna vijipete vya shaba. Kazi yake ni kuzishika gia ziende mwendo mmoja kabla hazijaumana. Oili nzito haiondoki upesi kati ya pete na gia, pete haishiki, gia inagoma. Gari likipata moto, oili inalegea, mambo yanakwenda. Kumbe! Raha iliyoje kujua kitu! Nilitamani kupasua giaboksi niione hiyo pete kwa macho yangu.

Nikauliza basi niweke ipi, nyepesi kuliko zote? Fundi kasema hapana, si wepesi tu. Nyingine zina dawa kali inayokula shaba. Kila gari na oili yake, na oili yenyewe imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Kaniambia nikasome kitabu.

Kitabu! Kitabu kilipotea zamani. Na mimi mtu wa vipimo nisomeshwe na kitabu? Nitapima mwenyewe. Nimemwomba oili za aina mbili, kikombe kimoja kimoja.


Jumatano, tarehe 9 Julai

Siku kubwa ya elimu.

Chupa nne za jamu, safi. Ya kwanza: oili ya lori, ile ile, masalio ya dumu niliyoyakuta nyuma ya nyumba. Ya pili na ya tatu: oili mbili za fundi. Ya nne: mafuta ya kupikia, ya alizeti, kwa ajili ya haki. Zote ndani ya friza tangu alfajiri hadi nilipotoka kazini.

Sasa, kipimo. Nilihitaji vitu vinne vya ukubwa mmoja na uzito mmoja. Mama mkwe ana kopo la vifungo. Alikuwa amesinzia. Nikachukua vinne vyeupe.

Nimevidondosha kimoja kimoja na kuhesabu. Kwenye mafuta ya kupikia: sekunde mbili, kifungo chini. Oili nyepesi ya fundi: sekunde nne. Ile ya kati: tisa. Oili ya lori: nikahesabu hadi mia moja na ishirini nikachoka. Kifungo kilikaa juu kinatafakari. Ndimo ninamoilazimisha giaboksi yangu izunguke kila asubuhi! Nilitaka kuliomba gari msamaha.

Mshindi kwa vipimo ni mafuta ya kupikia. Nimefikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kuandikwa.

Shemeji kaja jioni. Kasema ana safari ya kikazi kesho hadi Jumapili, lakini kama gari langu bado linasumbua ataiahirisha kwa ajili ya mama. Mimi, nikiwa bado na joto la ushindi, nikamwambia aende kwa amani, gia nimeshatengeneza, zinaingia zenyewe kuliko zake. Kanipongeza. Mama mkwe kageuza uso upande wangu.

Si uongo. Ni ukweli ambao bado haujafika.


Alhamisi, tarehe 10 Julai

Chupa ya oili ya lori, niliyoirudisha usiku nione kama kifungo kitazama, imepasuka ndani ya friza. Sijui imepasuka vipi. Naam, najua, niliibana chini ya kuku. Oili imeteremka taratibu, rafu hadi rafu, ikaingia chini ya friji. Mke wangu kafungua mlango wa friji asubuhi, kaufunga, kanitazama. Kaniambia nitavuta friji, nitasafisha juu, chini na nyuma, na kuku nitamla mimi peke yangu.

Nimevuta friji. Ikayumba. Chini ya mguu wake wa nyuma kulikuwa na kitu kimekunjwa mara mbili, kimeloa oili.

Kitabu cha gari!

Nikakumbuka. Mimi mwenyewe, miaka minne iliyopita. Friji ilikuwa inayumba. Kazi nzuri, haikuyumba tena.

Nimekifungua. Ukurasa wa sabini na mbili: oili ya giaboksi, namba yake, lita mbili na robo. Na ni ile ya kati ya fundi! Ya sekunde tisa! Sikuipa hata nafasi ya pili. Chini ya namba kulikuwa na maandishi mengi madogo chini ya kichwa cha habari kilichosema utaratibu. Sikuyasoma. Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka, na friji ilikuwa inayumba. Nimekirudisha kitabu mahali pake.

Mama mkwe kaniita nimtilie uzi. Nilipokuwa natia, kasema kopo lake la vifungo limekuwa jepesi. Nikasema vifungo hukauka wakati wa baridi. Kasema alaa.


Ijumaa, tarehe 11 Julai

Naandika nikiwa nanuka oili hadi kwenye kope.

Nimeomba ruhusa ghalani, nikaenda kununua lita tatu za oili kwa fundi. Kaniambia nimletee gari amalizie yeye kabla hajafunga, mchana anakwenda mbali kuvuta gari lililoharibika. Nikakataa. Nilitaka kusema mezani kwamba nimefanya kwa mkono wangu.

Saa nane mchana. Gari juu ya mbao nene, imara. Nikaingia chini, nikafungua kizibo cha kumwagia. Oili ya lori ikaanza kutoka. Ilitoka kama mgeni anayeaga bila kuondoka. Saa nzima! Nikafunga. Nikahamia kizibo cha juu, cha kujazia.

Hakifunguki.

Nikavuta spana. Nikapiga mateke spana. Nikaning'inia. Kizibo ndio kwanza kinazidi ugumu. Saa kumi. Saa kumi na nusu. Ndipo nikaelewa nilichokifanya: nimemwaga oili yote, na pa kujazia pamefungwa. Giaboksi tupu. Gari haliwezi kwenda hata gerejini, na gereji yenyewe ina kufuli. Shemeji kaondoka kwa sababu nilimdanganya. Teksi ya alfajiri hapa kwetu ni ya kubahatisha, na mama lazima afike saa moja. Nililala chini ya gari nikitazama chuma. Nimekalia kuti kavu, na kuti lenyewe nimelikausha mwenyewe.

Mama mkwe kaja na kiti chake, anapapasa ukuta. Kaketi karibu na miguu yangu iliyotokeza. Kauliza kuna nini, maana nimenyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza.

Nikamwambia yote. Oili ya lori, uongo kwa mwanawe, vifungo. Maneno yalitoka yenyewe. Kuna wakati ni rahisi kusema ukweli ukiwa huonekani uso.

Hakunigombeza. Kasema vifungo alijua siku ile ile. Halafu kasema, kwa sauti ndogo, kwamba miezi mitatu mingine ya kushona kizani ni mingi, baba. Hapo moyo ulinichoma kwelikweli. Si kwa ajili ya shemeji, wala kwa ajili ya meza. Kwa ajili yake.

Nikashika spana tena nikavuta kwa hasira. Kizibo kikalia nyiii. Mama kasema ningoje. Kasema hiyo inakaza.

Nikamwambia kwa heshima zote, mama, naijua njia ya kufungulia. Kasema miaka thelathini amefungua cherehani yake kwa masikio, na chuma kikilia hivyo kinakazwa. Kauliza nimelala upande gani. Nikasema nimepitisha mkono kutoka upande wa pili, juu ya giaboksi. Kasema basi kushoto kwangu si kushoto kwa kizibo.

Nikazungusha upande mwingine.

Kra! Kimefunguka.

Kwa saa moja na nusu nimekaza kizibo kwa nguvu zangu zote na kukilaumu kwa ugumu wake. Nikatamani ardhi ipasuke. Mama kacheka hadi kiti kikayumba.

Nimejaza kwa mpira na faneli hadi oili ikaanza kuchuruzika kwenye tundu. Baadaye, kwa udadisi tu, nimetoa kitabu chini ya friji nikamsomea yale maandishi madogo. Mstari wa kwanza kabisa: hakikisha kizibo cha kujazia kinafunguka kabla hujamwaga oili. Mama kaniomba niurudie. Nikaurudia. Kaniomba tena.


Jumamosi, tarehe 12 Julai

Baridi kuliko wiki nzima. Mama mkwe kiti cha mbele, mke wangu nyuma, sala zimeshasomwa. Nikakanyaga klachi. Gia ya kwanza: kimya. Gia ya pili: kimya! Imeingia yenyewe! Nikairudisha ya kwanza nikaitia tena ya pili, kwa raha tu, hadi mke wangu akasema twende.

Saa moja kasoro dakika kumi na mbili tuko mlangoni. Wamempokea. Mchana katoka, jicho limefungwa, kanishika mkono mwenyewe.


Jumatatu, tarehe 14 Julai

Jana wamefungua jicho. Mama kalitazama gari muda mrefu, kasema siku zote alidhani ni la kijivu. Ni jeupe. Kasema lioshwe. Kisha kanitazama mimi, kasema alidhani mimi ni mrefu.

Leo asubuhi katia uzi sindanoni mwenyewe, mara ya kwanza tu. Hakuniita. Nilisimama mlangoni nikimwangalia, nusura nimpigie makofi. Kisha kakosoa mishono yote niliyomtilia uzi wa rangi isiyo yake, nikarudiwa na akili zangu. Kopo la vifungo limehamia chumbani kwake, juu ya kabati.

Mezani nimeeleza kuhusu pete za shaba, unene wa oili na namna nilivyotengeneza giaboksi kwa mkono wangu. Watoto walisikiliza vizuri. Mama alikohoa mara mbili tu.

Shemeji amerudi safari, kanipigia simu jioni. Kanyong'onyea! Gari lake la otomatiki sasa asubuhi linastuka likibadilisha gia, na likipata moto linatulia. Kauliza, kwa kuwa nimekuwa mtaalamu, nitamshauri nini. Nikamwambia alilete Jumamosi, aje na chupa nne za jamu.

Kauliza kama aje na kitabu cha gari. Nikamwambia asisumbuke, oili ni oili. Halafu nikafikiri vizuri, nikampigia tena. Akilete. Friji imeanza kuyumba upande wa pili.