Ubao wa Watu Watano

Jumatatu, 13 Mei

Wanafunzi kumi na mmoja! Darasa lina viti arobaini, na kati ya hao kumi na mmoja wawili walikuja kuchaji simu. Chumba cha pili, kwa Elinami, watu wamekaa mpaka madirishani. Kozi ni ile ile, mekanika ya vitu vigumu, mwaka wa kwanza. Boriti zile zile, mizigo ile ile. Yeye anajaza, mimi napungukiwa. Kuna mchezo hapa.

Niandike hali ilivyo, ili siku nikiwa mashuhuri watu wasipate tabu. Mimi Vedasto, wa Bukoba, mwaka wa tatu wa uzamivu hapa Guangzhou. Profesa Liang anatoa mihadhara. Mimi na Elinami, Mpare wa Same, tunasimamia vipindi vya mazoezi. Muhula ujao nafasi ya msaidizi imebaki moja tu, na inakuja na nyumba: chumba, sebule, jiko. Kwa sasa nakaa bwenini, na mke haruhusiwi hata kupanda ngazi.

Na Albina anakuja Julai! Miezi kumi na tisa sijamwona mke wangu. Hospitali wamempa likizo, tiketi amekata. Jana kaniuliza dirisha la sebule lina upana gani, ashone pazia. Nikamwambia mita moja na nusu. Dirisha lenyewe sijawahi kuliona. Ila Februari nilishamwambia kwamba nyumba nimepewa, na maneno hayo siwezi kuyarudisha.

Ijumaa Profesa atakaa nyuma ya darasa na daftari lake, kwangu na kwa Elinami. Kisha atachagua.

Jumanne, 14 Mei

Nimeingia darasani kwa Elinami kumpeleleza. Nilivaa kofia na barakoa, nikainama nyuma kabisa. Baada ya dakika mbili Elinami akasema tuna bahati leo, kaka yake Vedasto amekuja kutusikiliza, tumpigie makofi. Wakapiga. Nikavua kofia.

Siri yake nimeijua, na ni aibu tupu. Anavunja tambi kavu! Anawagawia kila mtu tambi moja, wanaipinda, wanaangalia inakatikia wapi. Binti mmoja akamuuliza swali gumu. Elinami akajibu kwamba hajui, watafute pamoja. Mwalimu! Hajui! Na wanafunzi wakafurahi!

Kwetu mwalimu asiyejua husema swali hilo tutalifikia mbele.

Jumatano, 15 Mei

Nimeamka na wazo. Ubao! Nitaulaza juu ya meza mbili zilizoachana, nitapiga hesabu mbele ya watu, kisha nitapanda mwenyewe nisimame katikati. Mwalimu anayesimama juu ya hesabu zake! Elinami abaki na tambi.

Nimenunua mbao mbili, moja ya akiba. Upana sentimita kumi na tano, unene mbili, urefu mita tatu na kidogo. Kwenye metro mlinzi akanikatalia: bu xing, bu xing, haiwezekani. Nimetembea vituo vitano na mbao begani. Kila nilipogeuka kuuliza njia, nyuma yangu watu waliinama.

Hesabu nimemaliza saa tisa alasiri. Ubao mmoja unabeba kilo mia nne na sitini! Watu watano wa ukubwa wangu, na chenji inabaki.

Basi akaja Nahla, yule binti wa Unguja anayekaa mbele, kurudisha karatasi za zoezi. Akaiangalia hesabu yangu muda mrefu. Kisha, kwa adabu zote za kwao, akasema samahani Mwalimu, umehesabu ubao umesimama kwa ubavu, na mezani umeulaza chali. Ukilala, akasema, unabeba kilo sitini na moja tu. Akaniuliza nina kilo ngapi.

Themanini na nne, lakini hilo linamhusu nini? Nikamjibu kwamba ubao ni ule ule, ukisimama ukilala, haupungui hata chembe. Akasema haya, Mwalimu. Ile "haya" ya Unguja ina mengi ndani yake, lakini sikuwa na nafasi ya kuyasikiliza.

Ijumaa, 17 Mei

Siku kubwa. Elinami alitangulia asubuhi. Nasikia mbele ya Profesa alisema "sijui" mara mbili. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kidogo.

Kwangu saa nane, darasa limefurika! Wengine wamesimama. Nilidhani ni umaarufu. Baadaye nikaja kujua kuna habari zilisambaa kwamba Mwalimu Vedasto ataanguka.

Nikaandika hesabu kwenye ubao wa chaki, nikapiga mstari chini ya jibu. Watu watano! Nikapanda. Ubao ukalia. Nikatabasamu. Nikapiga hatua ya pili, ukalia zaidi. Nikafika katikati nikanyoosha mikono kama mwanasiasa.

Sijui nilikaa hewani muda gani, ila niliwahi kuuona uso wa Profesa. Kishindo! Nimeangukia makalio, ubao vipande viwili, chaki mdomoni. Chacha, jitu la Tarime, akaniinua kwa kola.

Kisha wakapiga makofi. Darasa zima! Profesa akaja mbele macho yanang'aa, akaniuliza kama nilikusudia. Nahla alikuwa ananitazama. Ilikuwa rahisi kusema sikukusudia, nilikosea, binti huyu aliniambia. Maneno yalifika mpaka kwenye meno.

Nikasema nilikusudia.

Profesa akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema miaka ishirini anawaeleza watu tofauti ya ubao kulala na kusimama, hajaona mwalimu aliyeionyesha kwa mgongo wake mwenyewe. Nirudie Jumatatu, ukumbi mkubwa, wakuu wa chuo watakuwepo!

Nyumba ni yangu. Nimempigia Albina nikiwa nimelala kifudifudi. Kaniuliza mbona sauti imebanwa. Nikasema ni furaha.

Elinami kaniletea dawa ya kuchua. Nimeipaka, lakini kwanza nimesoma lebo yote.

Jumatatu, 20 Mei

Nimefunga mto ndani ya suruali. Nimejizoeza kuanguka kitandani mara kumi na mbili. Nilikuwa tayari.

Ukumbi watu mia mbili. Wakuu mstari wa mbele, chai mkononi. Ubao wa akiba ulikuwa umeshaandaliwa na Shifu Chen, fundi mzee wa karakana, umefunikwa kitambaa chekundu kwa heshima ya wageni. Nikaeleza kila alichoniambia Nahla, kama vile nilizaliwa nacho. Ubao huu umelala, nikasema, kwa hiyo hauwezi kunibeba. Tazameni!

Nikapanda. Kimya. Nikafika katikati. Kimya. Nikasubiri. Mkuu mmoja akanywa chai.

Nikaruka kidogo. Nikaruka sana. Mto ukashuka mpaka gotini. Nikamwita Chacha apande. Hakuna kitu! Nikaita wengine watatu, tukawa watano, tunaruka kwa pamoja huku nikihesabu moja mbili tatu. Ubao wa watu watano kweli, ila umechelewa siku tatu.

Nahla akanyanyua mkono, akaomba ruhusa, akakunja kitambaa. Chini ya ubao kulikuwa na mbao mbili zimesimama kwa ubavu, zimekazwa kwa skrubu mwanzo mpaka mwisho. Shifu Chen aliniona Ijumaa nikiinuliwa na Chacha, akanionea huruma. Alikuwa mlangoni, ananipungia mkono kwa upendo.

Binti akaueleza ukumbi kwa nini mbao zile mbili zimetubeba sote. Dakika tatu, bila karatasi. Makofi yote yakawa yake, na alistahili, ingawa sipendi kuandika hivyo.

Profesa akanivuta koridoni. Akanikumbusha kwamba Ijumaa nilisema nilikusudia ubao uvunjike. Je, leo nilikusudia usivunjike?

Nikasema na leo pia.

Akaandika kwenye daftari. Akageuza ukurasa, akaendelea kuandika.

Jumanne, 21 Mei

Nafasi kapewa Elinami.

Nimelia. Nimefungulia maji bafuni ili nisisikike, nikalia kama mtoto. Si kwa ajili ya nafasi. Ni kwa ajili ya Albina, ambaye ameshashona pazia la mita moja na nusu.

Jioni Elinami akabisha hodi. Nilidhani amekuja kuringa. Kumbe! Akasema yeye ni mtu mmoja, nyumba ya watu wawili ataifanyia nini, bweni linamtosha. Ameshaongea na ofisi ya makazi, wanakubali, mradi tuweke sahihi wote wawili kabla ya saa sita mchana Alhamisi. Akasema mlete shemeji, ndugu yangu.

Moyo uliniruka. Lakini mimi si mtu wa kurukia vitu. Kwetu mtu mwenye heshima zake akikaribishwa chakula husema nimeshiba. Mwenyeji anasisitiza. Unasema basi, kidogo tu. Anasisitiza tena, ndipo unanawa. Tena nina mpango: mara ya tatu akiniomba, nitamtaka akiri mbele ya watu kwamba nafasi ilikuwa haki yangu. Halafu nikubali, kwa kumsaidia.

Nikamwambia asante, nina mipango yangu. Akanitazama. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema kabisa. Akasema sawa, akaenda zake.

Ya kwanza imekwenda vizuri sana!

Alhamisi, 23 Mei

Saa mbili asubuhi. Jana nzima hakutokea. Anajipanga.

Saa tatu. Albina kapiga simu. Manesi wenzake wamemfanyia kasherehe ka kumuaga. Akasema Ve, siamini kwamba tutapika chakula kimoja tena. Nikamwambia amini.

Saa nne na nusu. Mlango wa Elinami uko hatua kumi na mbili kutoka kwangu, nimezipima. Nimefika mpaka kizingitini. Nimerudi. Ukienda mwenyewe utakuwa hukuombwa, na mpango wote umeharibika.

Saa tano na nusu. Nimevaa tai. Kiti cha mgeni nimekifuta vumbi.

Saa tano na dakika hamsini. Viatu vya Elinami koridoni! Kile cha kushoto kinalia, nakijua. Vimepunguza mwendo mlangoni kwangu. Vimesimama. Nimekohoa kwa heshima, asije akadhani nilikuwa namngoja. Vimeendelea.

Vimegonga mlango wa mwisho, kwa Geofrey wa Mbeya, yule anayeonana na mkewe Clementina kantini tu, kwa kuwa mwenzake yuko bweni la wanawake. Kukawa na maneno ya chini chini. Kisha Geofrey akapiga yowe, akaanza kumpigia mkewe simu. Alichomwambia sikukisikia vizuri, nilikuwa nanyoosha tai.

Maskini Elinami! Ameona haya kuniomba mara ya pili, kaenda kwanza kwa Geofrey kujizoeza. Nimeuacha mlango wazi kidogo, akipita aione tai.