Adhabu ya Jembe Imetuharibikia

Kwa Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Salamu nyingi, na pole kwa mitihani. Mimi, Mwalimu wako wa Nidhamu kwa mwaka wa kumi na nane sasa, naandika nikiwa na uchungu. Tangu Mwalimu mpya wa Kilimo alitoe somo lake ubaoni na kulipeleka kwenye bustani nyuma ya maabara, sina kazi tena. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jembe lilikuwa adhabu. Mchelewaji akikabidhiwa, alilia kabla hajazifikia nyasi. Jumatatu iliyopita walichelewa arobaini na mmoja. Niliwaona kwa macho yangu wamesimama nje ya geti, wakisubiri kengele ilie ndipo waingie.

2. Nikaongeza makali: palizi, saa mbili, juani. Msichana mmoja wa kidato cha pili, anayekaa dawati la mbele, akanieleza kwa adabu zote kwamba palizi hiyo ilikuwa imechelewa wiki mbili, na kwamba nimefanya jambo la maana kuwaleta. Kisha akanishukuru! Sikujua niuweke wapi uso wangu.

3. Samadi ilikuwa silaha yangu ya mwisho, ya watoro sugu. Sasa wanaigombea. Wanaivunja kwa mikono na kubishana kama imeoza vya kutosha. Mtoto wa daktari alikuja kukiri kwamba ameiba chaki, ili tu apewe toroli. Tulizihesabu chaki, zikatimia.

4. Mzazi mmoja, mwanasheria, alifika ofisini kwangu amefura. Nilidhani analalamika kwamba bintiye ameadhibiwa. Kumbe analalamika kwamba ameadhibiwa mara moja tu, ilhali mtoto wa jirani ameadhibiwa mara tatu.

5. Wanafunzi waliniita Radi, na jina lilinikaa. Siku hizi wananiita Bwana Samadi, tena wakitabasamu. Inaniuma.

Mheshimiwa, tusidanganyane. Sisi wa chumba cha walimu tumeshiba mboga za wakulima miaka yote, huku tukiwaambia watoto kwamba wasiposoma wataishia kulima. Kitisho hicho kimeijenga shule hii. Leo nimtishe mtoto kwa kitu gani?

Kwa hiyo naomba bustani ifungwe. Kilimo kirudi ubaoni, mwanafunzi achore jembe, ataje sehemu zake, akariri aina za udongo bila kuchafua shati. Kwa muda, watukutu waadhibiwe kwa kusoma maktaba. Wakiipenda maktaba, tuhamie hesabu. Wakizipenda na hesabu, basi itabidi tuifunge shule yenyewe, maana nidhamu itakuwa imekufa.

Nisalimie Makamu wako, karani, wapishi na walinzi wa geti. Mwalimu wa Kilimo naye msalimie, ingawa kwa shingo upande.

Wako mtiifu katika kazi,

Mwalimu wa Nidhamu

Tanbihi: Ukikubali kuifunga bustani, nakusihi usiifunge kabla ya mwezi ujao kwisha. Tuta la tano, karibu na bomba, ni langu. Nililichukua ili niwasimamie kwa karibu, na nyanya zimeanza kutoa maua. Jana yule msichana wa dawati la mbele alinikagua, akasema nimeipanda miche kwa kuibananisha, akaniambia niing'oe nusu na kuihamishia tuta la sita. Nimeihamisha.