Firimbi ya Mzee Sitati

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Nimerudi kutoka semina ya uongozi kule Bahati. Nimeiva! Ukumbi wetu wa zamani, hapa kwota za reli Nakuru, kwenye nyumba za wafanyakazi, lazima upakwe rangi kabla ya Jumamosi, siku ya kukutana sisi wote tuliozaliwa humu. Mwenyekiti wa mradi ni mimi. Nikifaulu, jina la marehemu baba, Mzee Sitati, litaandikwa juu ya mlango. Nikishindwa, makamu wangu Mercyline anachukua kiti, na jina atachagua yeye. Mwanamke huyo hajahudhuria semina hata moja!

Jumanne, 12 Agosti
Mtindo wa kwanza wa uongozi kutoka semina: amri. Nilipanda juu ya kiti nikatoa maagizo. Mzee Micah, aliyefanya kazi reli chini ya baba, akaniambia, "Joash, shuka, hiyo kiti ni ya kanisa." Kijana wetu Bravin akasema, "Boss, relax," akarudi kwa simu yake. Ukuta haujaguswa.

Jumatano, 13 Agosti
Mtindo wa pili: kura. Kila mtu aseme rangi anayotaka. Kosa! Tulibishana hadi jioni. Kijani ilishinda, kwa sababu watu wa krimu waliondoka kwenda mazoezi ya kwaya. Rangi tuliyo nayo ni krimu. Mercyline alicheka mpaka akafuta machozi.

Nimemkumbuka baba sana. Alikuwa nyapara wa genge la reli. Nikiwa mdogo nilikuwa namtazama kutoka getini. Anapuliza firimbi yake, na wanaume wote wanamjia mbio, wakicheka. Mbio! Hiyo ndiyo ilikuwa heshima. Natamani kuisikia sauti ile tena, walau mara moja.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimeipata firimbi kwenye sanduku la mama! Bado inanuka grisi. Nikaipuliza kwa nguvu zangu zote. Mzee Micah akatupa burashi, akaja mbio na goti lake lile bovu. Wazee wengine nyuma yake. Nusura nilie. Kisha wakauliza chai iko wapi.

Kumbe baba alipuliza firimbi saa ya chai tu. Mzee Micah anasema baba aliipika chai hiyo mwenyewe, tangawizi tele, na hakuna aliyewahi kumsikia akifoka. Nikawaambia hakuna chai. Wakaenda nyumbani. Wote!

Ijumaa, 15 Agosti
Mercyline amekuja na sufuria kubwa ya chai na mandazi. Hakutoa amri hata moja. Alishika burashi, akaanzisha wimbo, wengine wakaitikia. Bravin akapanda ngazi bila kuombwa. Kufikia jioni ukumbi wote ulikuwa krimu. Mimi nilikaa nje. Jina la baba limekwenda, tena limepotelea mikononi mwangu.

Jumamosi, 16 Agosti
Juu ya mlango: UKUMBI WA MZEE SITATI. Kando yake Mercyline amechora birika jekundu linalofuka mvuke. Anasema alikunywa chai ya baba utotoni, na hakufikiria jina jingine. Nililia mbele ya watu, wala sioni haya. Akanipa kikombe. Tangawizi tele. Nilimwona baba kabisa, na kofia yake.

Nimetafakari. Somo ni wazi. Firimbi ilifanya kazi, ila chai ilichelewa siku moja. Jumatatu namwambia Mercyline afute lile birika, achore firimbi. Akikataa, napanda kiti.