Jinsi Nilivyokwenda Fizi Nikarudi Mzima

Jumatatu, 2 Julai 1956. Ndani ya boti.

Nimeondoka Kigoma. Kwa mara ya kwanza maishani nitakuwa nje ya nchi, tukishavuka pale ambapo maji yanageuka kuwa ya Wabelgiji. Nimechungulia sana. Rangi ni ileile.

Sababu ya safari ni Georgette. Baba yake, Mzee Raphaël, ni Mbembe wa Fizi aliyekuja Kigoma kufanya kazi ya reli akaoa hukohuko. Nilipopeleka posa aliniuliza kama nimewahi kulala ugenini. Nikasema ndiyo, Ujiji. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema hawezi kumpa binti yake mtu asiyejua kukaa na watu asiowajua. Niende Fizi nikamwone dada yake, Adolphine, aliyemlea. Neno la Adolphine ndilo atakalofuata, liwe ndiyo, liwe hapana.

Fedha ni kidogo na hatari ni nyingi, lakini akili ninayo. Nguo ziko kwenye shanta la marehemu mjomba, lililokwenda vitani Burma na kurudi. Fedha nimeficha ndani ya kiatu cha kushoto. Nachechemea kidogo tu. Chini kabisa ya shanta kuna halua ya Ujiji, zawadi ya huyo shangazi.

Kanuni ya kwanza ya usalama: usimwambie mtu yeyote unakokwenda.

Kuna abiria anaitwa Placide, muuza sindano na nyuzi, mwenyeji wa Baraka. Kabla milima ya Kigoma haijapotea machoni, boti zima lilishajua jina la mama yake na kwamba anakwenda kuuza sindano zake Fizi. Mtu wa namna hiyo ataibiwa kabla ya Jumatano. Akaniuliza naenda wapi. Nikasema Uvira. Akasema boti hili linakwenda Baraka. Nikasema napenda kuzunguka.

Jumanne, 3 Julai. Baraka.

Mji wa kupendeza. Dagaa wetu hapa wanaitwa ndakala. Ugali ni bukari. Kisamvu ni sombe, na wanakitwanga mpaka kinakuwa laini kuliko cha mama yangu (sitamwambia). Nimetembea sokoni nikiuliza jina la kila kitu, hata la vitu ninavyovijua, nione kama vimebadilika. Mama mmoja akaniuliza, "Weye unakuya kuuzisha kitu, ao unakuya kuhesabu batu?" Nikachechemea nikaenda zangu.

Malazi ni kwa Mama Anastasie, mjane anayekausha samaki na kupokea wasafiri kwa bei ya huruma. Placide ndiye aliyenionyesha nyumba. Sikumfuata. Tulikuwa tunatembea upande mmoja tu.

Jioni nimegundua jambo zito. Mama Anastasie alileta bukari na ndakala wa mawese. Kabla ya kunipa sahani alimega tonge, akachovya kwenye mchuzi WANGU, akachukua ndakala mnene kuliko wote, akatafuna huku ananitazama usoni. Halafu kikombe cha maji: akanywa kwanza yeye. Kisha akatabasamu, akanipa. Placide naye akamegewa vilevile, na badala ya kulalamika akasema asante mama.

Nimeduwaa. Katika nchi hii wanamwibia mgeni chakula mbele ya macho yake, na mgeni anashukuru.

Kanuni ya pili: linda sahani.

Jumatano, 4 Julai. Njiani kwenda Fizi.

Asubuhi nimeshinda. Mihogo ya kuchemsha ilipotokea mlangoni, niliinuka nikaipokonya sahani kabla mkono wa Mama Anastasie haujafika. Akabaki na vidole hewani. Akamgeukia jirani yake akasema, "Ile mugeni haiogope kufa?" Ni wazi ameuona ujasiri wangu.

Nimeanza kupanda kwa miguu. Kutembea pamoja na Placide ni hatari, maana majambazi watamtaka yeye kwanza. Lakini njia anaijua yeye. Kwa hiyo namfuata kwa mbali, kiasi cha kuona kofia yake. Akisimama, nasimama. Akigeuka, naingia kwenye majani. Wanawake waliokuwa wanapanda na mizigo ya mihogo walinitazama sana nikitoka kwenye majani hayo. Niliwasalimu kwa heshima, wakaongeza mwendo.

Kwenye kijito nimekutana na mchungaji, Rukunda, mmoja wa wafugaji wa milima ya juu, na ng'ombe wenye pembe ambazo sijui wanapitaje nazo mlangoni. Anawaimbia, kila mmoja kwa jina lake. Niliuliza kwa nini. Akasema ng'ombe anayeitwa kwa jina hapotei. Nimeiandika hiyo. Niliuliza pia ng'ombe akiwa mkaidi anaimbiwa nini, na kama wawili wakiwa na jina moja wanajuaje. Alijibu yote kwa upole, kisha akatoa maziwa kwenye chombo cha mti. Akanywa kwanza yeye, bila haya. Wizi huu basi umepanda mpaka milimani.

Akauliza naenda wapi. Nikasema Misisi, kwenye dhahabu. Akatazama kiatu changu cha kushoto, akasema pole, njia ya Misisi si upande huu.

Alhamisi, 5 Julai. Bado njiani.

Jana jioni nilifika kijiji kilicho katikati ya safari. Placide alikuwa ameshakaa kwa kapita, yaani mkuu wa kijiji, anachekesha watoto, na kuku alikuwa jikoni kwa ajili yake. Kwangu waliweka kigoda karibu na mlango. Wivu ulinishika, sifichi. Mtu asiye na tahadhari hata chembe anapewa kuku!

Nikapata wazo. Nitatoa kipande cha halua ya shangazi, niwagawie wote, wanione mimi ni mtu wa aina gani. Na ili waone tofauti kati yangu na wao, mimi mwenyewe sitaonja hata kidogo. Nilikatakata, nikapanga juu ya jani la mgomba, nikaweka mbele ya kapita, nikarudi nyuma nikaficha mikono mgongoni.

Halua ni nyeusi, inang'aa, hawajawahi kuiona. Kapita akaniambia kwa sauti ndogo, "Kula mbele, tuone."

Nikasema hapana, baba, hii ni yenu. Akarudia. Nikasimama wima nikatangaza kwamba mimi si mtu wa kula kwenye sahani ya mwenzangu, na kwamba kitu hiki hakitapita mdomoni mwangu kamwe.

Mke wa kapita akavuta watoto wote nyuma yake kwa mara moja. Mtu akamnyang'anya bibi kizee kipande alichokwisha kukishika. Hapo maneno yakaanza. Wale wanawake wa mihogo walikuwa wa kijiji hikihiki: wakasema nilikuwa najificha kwenye majani nikimvizia Placide. Rukunda alikuwa amepita na ng'ombe wake: aliwaambia naenda Misisi. Placide mwenyewe, kwa ule mdomo wake, akasema yeye nilimwambia Uvira. Kijana mmoja akauliza nimeficha nini katika kiatu. Nikasikia neno mulozi, mara mbili, na hilo halihitaji mkalimani. Ni mtu anayeua watu kwa sumu na uchawi.

Placide akaja akanikalisha. Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba, kwamba huku anayetoa chakula huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue ni salama. Mama Anastasie alikuwa ananilinda. Rukunda alikuwa ananilinda. Anayetoa asionje, huyo ana sababu.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilimfikiria Georgette akiambiwa kwamba nimefia Fizi kwa ajili ya halua.

Nikala kipande kimoja. Kapita akasema na kile. Nikala. Na kile cha pembeni. Kwa kuwa nani ajuaye sumu iko katika kipi, nilikula vyote, kisha wakaniambia nitoe na kilichobaki ndani ya shanta. Halua nzima ya shangazi.

Tumbo halikukubali. Nilikwenda vichakani mara nyingi, nikisindikizwa na vijana wawili wenye mikuki, na kila nikiinama mmoja anamwambia mwenzake ona, sumu inafanya kazi. Placide ndiye aliyeniokoa. Aliniletea maji, akanywa kwanza, akawaambia watu wote waliokusanyika, "Hii muntu haiko mulozi. Iko mujinga tu." Wakatafakari. Wakakubali. Wakacheka sana, na mke wa kapita akaniletea uji, akauonja, akanipa.

Nimeumia moyoni kuitwa mjinga mbele ya kijiji kizima. Kanuni ya tano (ya tatu na ya nne zilitoka na halua): chagua vizuri mtu wa kusafiri naye.

Ijumaa, 6 Julai. Fizi.

Shangazi Adolphine ana nywele nyeupe na shamba la maharage mlimani, na alikuwa ameshajua kila kitu. Wanawake wa mihogo walifika kabla yangu. Alinipokea uani akiwa amefunika mdomo kwa kitambaa, mabega yanatikisika. Neno la kwanza aliloniambia ni nivue kiatu. Fedha zilitoka zimegeuka kama uji. Akazianika juu ya jiwe, akaweka mawe madogo juu yake, akanikalisha.

Akaniuliza jina langu. Nikafungua kinywa kusema uongo, ukakataa kutoka. Nikasema ni Albert, mwana wa fundi seremala, natoka Kigoma, nimekuja kwake, na nikitoka hapa narudi kwa Georgette. Akaniuliza huyo Georgette nampendea nini. Nikamwambia kwamba nikimuuliza maswali yangu, hata yale ya ovyo, hanicheki. Ananiuliza mengine. Nilipomaliza kusema hivyo, shangazi alikuwa ameacha kucheka.

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha asali ya msituni, kimejaa mpaka mdomoni. Akachovya kidole, akalamba, akaziba kwa jani na nta.

Akasema, "Pelekea mudogo yangu Raphaël. Kibuyu ikifika imejaa, atajua nimekubali. Ikifika bure, haina kitu, atajua nimekatala. Yeye anajua ile desturi. Umesikia, mutoto yangu?"

Nimesikia. Ameniita mtoto wake. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, kwa furaha.

Jumamosi, 7 Julai. Nashuka Baraka.

Placide amemaliza sindano zake, anarudi Kigoma kuchukua nyingine. Nimemruhusu tutembee pamoja.

Leo mimi ni mtu mpya. Desturi ya nchi nimeijua, na inalingana kabisa na fikra zangu za usalama: anayetoa huonja. Na asali hii nani atampa Mzee Raphaël? Mimi. Tulipopumzika kivulini nilipitiwa na usingizi, kibuyu kiko pembeni. Nilipoamka nikashtuka. Mtu yeyote angeweza kukifungua. Nikaondoa nta nikaonja. Ni salama. Tena ni tamu sana.

Placide akasema huonjwa mara moja tu, mbele ya mwenyewe, na kwamba shangazi ameshaonja. Nilimweleza kwamba mzigo ukitoka machoni, kazi inaanza upya.

Kwa Mama Anastasie niliomba radhi. Akameza tonge langu la kwanza, nikampigia makofi. Kibuyu kilikaa barazani wakati tunakula, watu wanapita. Nilikionja mara mbili, juu na katikati, maana sumu huenda ikazama.

Jumapili, 8 Julai. Ndani ya boti.

Abiria ni wengi na nyuso zao sizijui. Naangalia maji, narudi, naonja. Nazungumza na nahodha kuhusu injini (inakunywa mafuta kiasi gani, na ikigoma anaisemesha vipi), narudi, naonja. Kibuyu kinazidi kuwa chepesi, jambo ambalo ni zuri kwa boti.

Placide amenionyesha kwa kidole kiwango kilipofika, akanitajia jina la Georgette, basi. Nimemwambia kwamba Mzee Raphaël ni mtu mzima. Sumu kidogo tu itamwondoa, na mimi nitabaki bila baba mkwe.

Jumatatu, 9 Julai. Kigoma iko mbele yetu.

Alfajiri nilikuta tone moja chini kabisa. Kwa ukweli wote, hilo ndilo lililokuwa linanitia mashaka kuliko yote. Sasa roho yangu imetulia.

Nawaona ufukoni. Georgette amevaa kitenge cha njano na ananipungia mikono yote miwili. Mzee Raphaël amesimama mbele yake, macho yake yako kwenye kibuyu. Placide amehamia upande wa pili wa boti, sijui kwa nini.

Hotuba yangu iko tayari. Nitapiga goti, nitamkabidhi kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, na nitamwambia: Baba, usiwe na wasiwasi, imeonjwa yote.