Kiti Kitupu cha Kamati ya Hodi

Jumatatu, 8 Julai

"Kazi ya serikali si kupika, kazi yake ni kuchagua mpishi." Kasema hayo Rosalind Quilty, mshauri aliyetumwa na serikali ya jimbo kutoka Hobart, mbele ya kamati nzima, huku anatafuna keki yetu. Upuuzi! Anayechagua mpishi bila kuonja mchuzi huzika wageni. Nikamwambia hivyo hivyo. Akaniuliza kama nimemaliza. Sijamaliza!

Hali ilivyo: wahudumu wa halmashauri waliokuwa wakibisha hodi kila asubuhi kwa wazee wa mlimani, wakiwawashia jiko la kuni na kuwapa dawa, wamesimamishwa tangu Ijumaa. Kampuni mpya iliyopewa kazi hiyo haiwezi kuanza mpaka kamati yetu iamue itawajibika kwa nani. Mimi nasema: kwa bodi mpya, na bodi iongozwe na mtu msomi, mkali, mzaliwa wa hapa. Sitaji jina. Quilty anasema: kwa ofisi ya Hobart. Yaani kwake.

Halafu kituko. Mwongozo wake unataka kila kikao kiwe na kiti kitupu, na kikombe cha chai mbele yake, ili tumkumbuke anayehudumiwa. Nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Mvua. Ukungu mpaka dirishani.

Jumanne, 9 Julai

Nimepata mbinu! Kiti kitupu hakina mdomo. Mimi ninao.

Nikaketi kando yake, nikatangaza kwamba kiti kinaunga mkono bodi. Nani athubutu kumpinga anayehudumiwa? Mchungaji Oakford akainamisha kichwa kama yuko kwenye sala. Ushindi! Mpaka Quilty naye akafumba macho, akasema anakisikia vizuri, na kinasema Hobart. Mnafiki!

Jambo dogo: chai ya kiti imenywewa. Nikamuuliza Clive, katibu wetu. Akaapa si yeye, yeye ni mtu wa kahawa, akaongeza: bosi, aliyekuwa karibu nacho ni wewe. Kana kwamba mimi ni mtu wa kudoea chai!

Jumatano, 10 Julai

Nimewahi ukumbini kukihamishia kiti upande wangu. Nikakishika. Kina joto. Hita ya ukumbi imekufa tangu Mei. Pumzi yangu ilikuwa inaonekana kwa baridi. Mto wake umebonyea kama mtu ameinuka sasa hivi. Hila za Quilty! Atakuwa kaja na chupa ya maji moto.

Katikati ya kikao simu ikalia. Bi Merle Hodgetts, ajuza wa nyumba ya mwisho mlimani, aliyenifundisha kusoma. Clive akamsikiliza, akatueleza: hajabishiwa hodi tangu Ijumaa, kuni ziko bandani na miguu haimfikishi, na anauliza sisi humo tunafanya nini. Clive akasema basi tumlete, akae kwenye kile kiti, aseme mwenyewe.

Kwa mara ya kwanza mimi na Quilty tukakubaliana. Haiwezekani! Kiti kitupu kinawakilisha wazee wote. Akikikalia Bi Merle, kitamwakilisha Bi Merle tu. Clive akauliza, sasa nimwambie nini. Nikasema amwambie hoja yake imo kwenye ajenda. Akamwambia. Bibi akacheka, akajibu kwamba anajua, yuko hapa hapa anatusikia. Simu ikakatika.

Uzee ni kitu kibaya.

Alhamisi, 11 Julai

Nyayo. Za ndara za nyumbani, zimelowa maji, kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti. Hakuna za kurudi. Harufu ya kuni mbichi. Mchungaji Oakford akataka tuombe. Nikamkumbusha kuwa dua si hoja.

Kura: je, wahudumu wa zamani warudi kesho asubuhi wakati sisi tunaendelea kubishana? Nilipinga. Wakirudi, nani ataona haja ya bodi? Quilty naye akapinga, kwa sababu zake chafu. Tuko wajumbe sita, tatu kwa tatu, kura itakwama, nilishapiga hesabu. Clive akahesabu mikono ya ndiyo: minne. Akahesabu tena, kwa kidole. Minne. Ya hapana: mitatu.

Niliuona. Mkono mwembamba, sweta ya zambarau iliyotoboka kiwiko, umeinuka juu ya kiti kitupu. Nikapepesa macho. Haupo.

Wenzangu wote wakaikodolea macho meza. Si mimi! Nikasimama kwa hoja ya utaratibu: kiti hakina kura, kinawakilisha tu. Quilty akaniunga mkono, midomo imemkauka. Matokeo yakafutwa. Utawala bora umeokolewa.

Ijumaa, 12 Julai

Clive kapanda mlimani bila idhini ya kamati. Akamkuta Bi Merle sakafuni, kando ya jiko lililopoa, ndani ya sweta ya zambarau. Mzima, lakini kwa chupuchupu. Gari la wagonjwa limempeleka hospitali ya Burnie. Kabla hajapakiwa alimwambia Clive kwamba wiki nzima alikuwa kikaoni, kwamba chai yetu ni maji ya mtaro, na kwamba yule Neville, mtoto wa Treloar, yaani mimi, hajabadilika: tangu darasa la kwanza akiulizwa mwenzake, anajibu yeye.

Nilifurahi. Basi kiti kitapoa! Nikaenda ukumbini kuhakikisha. Bado kina joto. Mto umebonyea zaidi, kama waliokaa ni wengi. Clive, nyuma yangu, akaanza kutaja polepole majina ya wazee wengine wa mlimani. Nikamwambia asinichanganyie hoja. Akachukua funguo za gari, akapanda tena, bila hata kuaga. Utovu wa nidhamu!

Haya nitayasoma kikaoni. Wajumbe wa kamati, na wewe hasa, Rosalind Quilty: Jumatatu nataka viti vitupu viwili, kimoja upande wako na kimoja upande wangu, kila kimoja na msemaji wake. Nataka mlango ufungwe kwa komeo. Nataka iandikwe wazi kwamba kiti kitupu kibaki kitupu. Na atakayetaka tujadili hodi za asubuhi kabla hatujaamua nani aongoze bodi, asubiri zamu yake kama wazee wanavyosubiri.