Kumpumzisha Mke Wangu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimeamua. Jumamosi na Jumapili hii namchukua mke wangu tunakwenda Mji wa Kale. Sisi wawili tu. Watoto wako shule ya bweni, wodini hana zamu wikendi hii, na mimi nimechoka kuwa na mke ninayeonana naye mlangoni. Yeye anarudi kutoka zamu ya usiku, mimi natoka kwenda kushona mapazia. Tunapishana kama walinzi wanaopokezana lindo. Leo asubuhi ameniambia maneno matatu: gesi inakaribia kuisha. Nimetembea nayo siku nzima. Sauti yake bado inanichanganya.

Atapapenda. Tangazo la Mji wa Kale likipita kwenye televisheni huacha chochote anachofanya. Vichochoro, milango ya nakshi, watalii na kofia zao. Juzi alisema, kwa sauti ndogo, kwamba wenzetu wanafika. Nikajifanya natafuta rimoti. Lakini liliniingia.

Ni siri. Hatajua mpaka Ijumaa jioni.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nyumba za wageni zimejaa zote! Nimepiga simu mpaka sikio limepata moto. Inaelekea dunia nzima inakwenda Mji wa Kale wikendi hii. Mwishowe nimepata chumba kimoja, juu kabisa. Mpokea wageni alinielezea ngazi zake kama mtu anayetoa pole. Nimelipa hapohapo. Akanionya kwamba pesa hairudi hata nikifa njiani. Nikamwambia sina mpango huo.

Kisha ruhusa. Tajiri wetu hatoi Jumamosi kwa ajili ya mapenzi. Ikabidi nimwambie mama mkwe wangu yuko mahututi. Sikupanga kusema hivyo, mdomo ulitangulia. Tajiri akanipa pole na ruhusa. Fundi mwenzangu, tunayemwita Sindano kwa sababu ya ulimi wake, akasema juzi alimwona mama mkwe huyohuyo sokoni akimtoa jasho muuza nyanya. Nikamjibu kwamba ugonjwa haupigi hodi. Wivu tu. Tangu apelekwe semina Mji wa Kale, hatupumui. Hata uzi ukikatika, anakumbuka uzi wa huko.

Ngoja nirudi na mimi.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Kikwazo kimebaki kimoja: mama mkwe mwenyewe. Alikuja Machi, kwa wiki moja, kutibiwa macho. Macho yamepona, sasa yanatutazama sisi. Binti yake akienda hata dukani, yeye huyo nyuma. Akisikia safari atakuwa wa kwanza kupanda gari. Nikaona dawa ni kumwambia mapema, kiungwana, ili akubali kubaki.

Nimemkuta jikoni anachambua mchele. Mke wangu alikuwa amelala, kwa hiyo nikanong'ona. Nikamwambia, Mama, nimeamua kumpumzisha binti yako. Miaka kumi na moja si mchezo, amechoka, na mimi nimechoka kuishi hivi. Chumba nimeshapata, kina kitanda kikubwa. Naomba usimwambie, nitamwambia mwenyewe Ijumaa. Wewe nisaidie jambo moja tu: mfungashie nguo zake, kimyakimya.

Masikini, machozi yakamtoka. Akaniuliza kama nimefikiri vizuri. Nikasema sijawahi kuwa na uhakika namna hii. Akauliza binti yake amekosa nini. Nikasema hajakosa kitu, anastahili tu, na nilichelewa. Akaketi kwenye kigoda na mchele wake mapajani.

Kumbe ananipenda kiasi hiki!

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mambo yanakwenda kama nilivyotaka. Begi la mke wangu liko nyuma ya mlango, limefungwa. Ni kubwa kidogo kwa siku mbili, lakini mama zetu hawajui kufungasha kidogo. Mama mkwe mwenyewe yuko kwenye simu tangu asubuhi. Nikiingia, anakata. Anatunza siri kuliko mimi. Chakula changu kimekuja kidogo tena cha baridi. Nadhani anataka niwe mwepesi kwenye zile ngazi.

Mke wangu hakulala mchana. Macho yake mekundu. Tulipopishana mlangoni akanitazama kwa muda mrefu, jambo ambalo hajalifanya sijui tangu lini. Akaniuliza kama nina la kumwambia. Nilitaka kulitapika lote. Nikajikaza, nikasema Ijumaa utajua. Akasema haya. Akaniwekea sawa kola ya shati, kama alivyokuwa akifanya tulipooana, akaenda zake kazini.

Harufu ya sabuni ya hospitali ikabaki pale. Nilisimama mlangoni mpaka jirani akaniuliza kama nimepoteza ufunguo. Nampenda mke wangu. Sijui kwa nini hilo naliandika hapa na simwambii.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Balaa!

Nilikuwa kwenye pindo la pazia la mwisho. Mlango wa karakana ukafunguliwa, mama mkwe akaingia, mzima wa afya, anatembea kama askari wa gwaride. Nyuma yake mjomba wa mke wangu, aliyesafiri usiku kucha. Mama mkwe akauliza, mbele ya kila mtu, mwanamke huyo ni nani na chumba hicho kiko wapi. Tajiri akamwuliza yeye ni nani. Akajitambulisha. Tajiri akanigeukia, akasema amefurahi sana kuona mgonjwa amepona. Sindano ilibidi atoke nje.

Nyumbani nikawekwa kitako. Mjomba akasafisha koo, akasema wamesikia nampumzisha binti yao. Nikasema ndiyo, siku mbili. Mjomba akasema ameamua kesi nyingi, ila talaka ya siku mbili hajapata kuisikia.

Talaka! Nikaapa. Hakuna aliyeniamini. Nikampigia yule mpokea wageni, nikaweka sauti ya juu, wote wasikie. Mjomba akamwuliza chumba ni cha nani na nani. Akajibu ni cha bwana na mkewe, na kwamba bwana huyo amemsumbua mara nne kuhusu mto wa kulalia, uwe laini, kwa sababu mkewe akitoka zamu shingo humuuma. Akaongeza kwamba pesa hairudi.

Mjomba akaomba maji. Mama mkwe akatazama miguu yake.

Mke wangu alikuwa amesimama karibu na begi lake. "Siku mbili nalia wodini," akasema, "wagonjwa ndio wananibembeleza mimi." Nikasema ilikuwa siri. Akasema, "Ungeniuliza tu. Ningekubali kabla hujamaliza kusema."

Kisha simu ya tajiri. Ruhusa imefutwa. Mapazia ya ukumbi mzima, kesho na keshokutwa, peke yangu. Chumba kimelipiwa, pesa hairudi. Mke wangu akasema itakuwa dhambi kukiacha kitupu.

Amekwenda na mama yake.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nimeshinda juu ya ngazi. Ukumbi una madirisha kama hauna kuta. Sindano amepita kunisalimu na kuniuliza kama Mji wa Kale kuna joto.

Jioni amenipigia akiwa juu ya paa la nyumba ya wageni. Anasema vichochoro ni vyembamba, watu wawili hawapiti ila wakigusana mabega. Mama yake ametangulia mbele, anabishana na muuza vikapu. "Mimi natembea upande mmoja," akasema, "nakuachia nafasi yako." Nikamwomba aendelee kuongea, chochote kile.

Akaongea. Akasema hewa ya huko imemkumbusha mji aliozaliwa, na mto uliopita nyuma ya shule yao. Mji huo hajaukanyaga tangu nimwoe. Aliposema hivyo sauti yake ikawa ya msichana nisiyemfahamu. Nikatamani nimfahamu.

Nimelala upande wake wa kitanda.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Anarudi jioni hii. Mapazia nimeyamaliza adhuhuri, nikaja kufagia hadi chini ya kabati, na kila gari likipunguza mwendo nachungulia dirishani.

Wiki hii imenifundisha mengi. Kosa la kwanza, nilimwamini mama mkwe. Kosa la pili, nilitumia neno lenye kona. Nimefanya hesabu zangu na nimepata wazo. Mwezi ujao tunakwenda mji aliozaliwa, mimi na yeye, tukae kando ya ule mto mpaka tuchoke. Hatajua mpaka siku yenyewe.

Safari hii nimemshirikisha mjomba, mtu mzima, mwelewa. Nimempigia sasa hivi, na sikuzunguka mbuyu. Nimemwambia waziwazi: Mjomba, nimefikiri sana, mwezi ujao namrudisha binti yenu kwao.

Ameniuliza kama mwenyewe anajua. Nikamwambia bado, na tafadhali asimwambie.