Fungueni Mitaro, Udongo Wangu Upite

Kwa Papa Bruno,
Agronomu wa wakulima, Bukavu.

Papa Bruno mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, ingawa moyo unanichemka. Mimi ni Grégoire Murhula, mkulima wa Nyantende. Shamba langu liko kilimani, chini ya lile la Maman Nsimire, mjane. Tangu mtoke kwenye seminari yenu ya udongo, mliyoifanyia hotelini Nyalukemba ambako udongo wote umefunikwa kwa sementi, mmemfundisha kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Mmeniharibia maisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwa miaka mingi, kila mvua iliniletea udongo mweusi wa Maman Nsimire, pamoja na samadi yake, bila mimi kumsumbua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami nilikuwa napona vizuri. Mwaka jana lilishuka hata jembe lake. Nilimrudishia, maana mimi si mwizi.

2. Sasa maji yanalala mitaroni, na maharagwe yake yananawiri hata jua likiwaka. Yangu yamekuwa manjano. Nilipomweleza kwa upole kwamba ananidhulumu, alinijibu mbele za watu: « Papa Grégoire, ile udongo ilikuwa inakutembelea tu, sasa imerudi kwetu. » Watu wakacheka.

3. Majani mliyopanda kando ya mitaro yanalisha mbuzi wake, mbuzi anatoa samadi, samadi inabaki kwake. Hata mbuzi ameingia katika njama.

4. Kinachoniuma zaidi: siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, mimi ndiye niliyechimba kuliko wote. Hakuna aliyenieleza mitaro ni ya nini. Niliambiwa tu kuna kasiksi, nami pombe ya ndizi siikatai.

Kwa hiyo naomba mfungue mlango mdogo katika kila mtaro, udongo upite kama Mungu alivyopanga. Mkikataa, watoto wangu watakula nini?

Wasalimie wa nyumbani, wa ofisini, na dereva wa ile jeep isiyoshika matope.

Wako katika dhuluma,
Grégoire Murhula

N.B. Kabla barua haijaondoka, mvua ya juzi imebeba kona nzima ya shamba langu, pamoja na mihogo, ikaitua kwa shemeji Gentil anayelima chini yangu. Nimemdai. Anasema amepata mgeni, naye anapona. Papa Bruno, yule mtu ni mwizi! Achana na habari za mlango. Njoo upesi unipimie mitaro, na uniombee kwa Maman Nsimire miche ya yale majani. Mimi mwenyewe naona haya kumwomba.